Bakteria wa tumboni waliobadilishwa jeni ili watibu sukari na magonjwa mengine: maswali ninayoulizwa kila siku

Tangu ile klipu ya "bakteria wanaokula sukari tumboni", inayodai ni dawa mpya ya ugonjwa wa sukari, ianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Lamu mie sipati raha. Nikiwa kaunta naulizwa, nikitoka msikitini naulizwa, juzi nimejibana ukutani kwenye kichochoro cha Langoni nipishe punda wa mchanga, mwenye punda badala apite akasimama, "we mtu wa dawa, hebu nieleze ile ya bakteria." Punda amesimama, watu nyuma wamesimama, na mie naeleza jeni. Basi nikaona niandike yote mahali pamoja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Mie si daktari. Nauza dawa, nimezisomea, na haya mambo nayafuatilia kitambo sababu nyumbani kwetu ugonjwa wa sukari umekuwa kama mtu wa familia.

Kwani tumboni kuna bakteria kweli?

Wako, tena wengi kuliko unavyodhani. Mtu mzima anabeba kama trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli za mwili wake mwenyewe, na ukiwakusanya wote ukawaweka kwenye mizani hawafiki robo kilo, ni gramu 200 hivi. Wengi wanaishi utumbo mpana. Wanavunja nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi hatuziwezi, wanatengeneza vitamini K, wanaigeuza nyongo, na hata metformini, ile dawa ya sukari mnayochukua kwangu kila mwezi, sehemu ya kazi yake inapitia kwao. Wabaya wapo, wale wa kipindupindu na kuhara damu, lakini wengi ni wapangaji wa siku nyingi na kodi wanalipa.

Kuwabadilisha jeni ndo kufanya nini?

Jeni ni maagizo tu. Kama vile bibi anavyompa mjukuu maagizo ya mahamri: unga kiasi hiki, tui kiasi hiki, iliki, hamira, kanda, funika, ngoja. Bakteria naye ana kitabu chake cha maagizo, anasoma anatengeneza anachoambiwa. Mwanasayansi anachofanya ni kuchomeka ukurasa mpya kwenye kile kitabu, "ukikutana na kemikali hii, ivunje", ama "tengeneza hii homoni uitoe nje". Saa ingine anang'oa ukurasa, ili bakteria asiweze jambo fulani.

Na kabla hujaanza kushtuka, hili si jambo geni kwako. Insulini ya binadamu ilitengenezwa kwa bakteria mara ya kwanza 1978 huko California, na 1982 Marekani wakairuhusu iuzwe. Kabla ya hapo insulini ilikuwa inatolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Leo nyingine inatengenezwa na bakteria aitwaye E. coli na nyingine inatengenezwa na hamira, hamira ya ukoo uleule wa hamira ya mahamri, sema yake imechomekewa jeni ya insulini. Kwa hivyo wewe unayezungusha viganjani ile chupa ya insulini nyeupe nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele, umeshakuwa mteja wa hawa viumbe miaka.

Tofauti ni moja tu na ni kubwa. Kwenye insulini, kiumbe anabaki kiwandani, wewe unaletewa alichotengeneza kimesafishwa. Huku kwenye hii dawa mpya unammeza mwenyewe, mzima, afanye kazi ndani yako.

Wanamtoa wapi bakteria wa kumfanyia hivyo?

Anayetumika sana anaitwa E. coli Nissle 1917. Jina hilo limetoka kwa daktari wa Kijerumani Alfred Nissle. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia wanajeshi walikuwa wanaharishwa vibaya sana huko Balkani, lakini kulikuwa na mmoja wala hakuguswa. Nissle akajiuliza huyu ana nini wenzake hawana, akapima choo chake, akamkuta bakteria huyu ambaye anawasukuma wabaya wasipate nafasi. Akaanza kumkuza na kumpa wagonjwa. Zaidi ya miaka 100 sasa watu Ujerumani wanameza huyo bakteria kama dawa ya tumbo, bila kubadilishwa chochote.

Ndio, ametoka chooni. Nikifika hapa kila mtu anakunja uso. Subiri, swali la halali linakuja huko mbele.

Mwingine ni Lactococcus lactis, huyu ni wa jibini na maziwa ya kugandisha, hana kelele na mtu. Huyu ndo alitangulia: mwaka 2000 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba akichomekewa jeni ya kutoa dawa ya kupunguza uvimbe wa utumbo, panya wanapata nafuu, na 2006 yakatoka matokeo ya kumpa binadamu wachache wenye ugonjwa wa Crohn, ule wa uvimbe wa utumbo usiokwisha. Kwa hivyo hii habari si ya jana kama klipu inavyodai.

Ni ugonjwa gani umefikiwa mbali zaidi? Sukari?

La. Hapa ndo watu wanashangaa. Aliyefika mbali zaidi ni ugonjwa ambao wengi hapa hawajausikia, unaitwa fenilketonuria, kwa kifupi PKU.

Ukila samaki, nyama, yai, mbaazi, protini inavunjwa vipande, kipande kimoja kinaitwa fenilalanini. Ini la mtu mzima wa afya linakigeuza kwa kimeng'enya chake, yaani protini ambayo kazi yake ni kubadilisha kemikali. Mtoto wa PKU amezaliwa jeni ya kile kimeng'enya imeharibika, fenilalanini inajaa kwenye damu inapanda kichwani, na asipogunduliwa mapema ubongo unaathirika maisha. Daktari wa Norway, Asbjørn Følling, ndo aliugundua 1934, kupitia mkojo wa watoto wawili ambao mama yao alikataa kuchoka kuuliza kwa nini wanae hawakui kiakili. Kila nikisoma hiyo hadithi namfikiria yule mama kuliko daktari.

Wataka kuuona huo ugonjwa umeandikwa hapa hapa Lamu? Chukua kopo la soda ile isiyo na sukari, geuza, tafuta maandishi madogo kabisa chini ya orodha ya vitu vilivyomo. Utakuta wametaja fenilalanini. Ile ni onyo kwa watu wa PKU, sababu utamu wa bandia wa aspatemi umebeba kile kipande.

Tiba yake kubwa ni chakula: hakuna samaki, hakuna nyama, hakuna yai, hakuna maharage, unakunywa unga maalum wa protini usio na fenilalanini maisha yako yote. Hebu fikiria kisiwani, samaki wa kupaka anapita mbele yako na wewe huruhusiwi hata kipande.

Sasa kampuni moja ya Marekani, Synlogic, ikamchukua Nissle ikamchomekea jeni ya kimeng'enya kinachovunja fenilalanini. Jeni yenyewe wameitoa kwa bakteria mwingine anayeishi ndani ya minyoo inayoua wadudu wa shambani, we Mola ana hazina zake. Wakaipanga ile jeni iwake bakteria akifika mahali hewa ya oksijeni ni kidogo, yaani utumboni. Akishavunja, yale mabaki mwili unayatoa kwa mkojo, kwa hivyo watafiti wakawa wanapima mkojo wanaona kabisa, eeh, mdudu anafanya kazi. Wakajaribu kwa watu wenye afya, wakajaribu kwa wagonjwa, kwa baadhi yao fenilalanini ikashuka. Wakaingia hatua ya tatu ya majaribio, ile kubwa, 2023.

Ikafaulu?

Haikufaulu. Februari 2024 waliangalia matokeo ya katikati wakaona haitafika lengo, wakasimamisha, kampuni ikaachisha kazi karibu watu wake wote. Haikusimamishwa kwa kudhuru watu. Malalamiko yalikuwa zaidi ya tumbo, kichefuchefu, kutapika. Ilisimama sababu haikupunguza fenilalanini ya kutosha.

Na kabla yake walikuwa na mwingine wa kupunguza amonia kwenye damu, kwa watu ambao ini lao limechoka, huyo naye akasimamishwa 2019, hivyo hivyo, salama lakini hatoshi.

Mbona kama anafanya kazi maabara, tumboni ashindwe?

Hili ndo swali zuri kuliko yote na ndo sijawahi kulisikia kwenye klipu hata moja.

Nenda gatini asubuhi boti za Mokowe zikiingia. Mzigo unashuka kwa dakika chache, magunia, kreti za soda, mabati, matanki. Mahamali wakiwa pale pale gatini, mzigo umeondoka. Lakini tuseme mahamali wote umewapanga huko mwisho wa mji, hodari, vifua vipana, wamekaa wanangoja. Mzigo ukishashushwa na wenyewe wakauchukua, hao mahamali watabeba nini?

Chakula chako kinanyonywa zaidi kwenye utumbo mdogo, tena haraka, saa chache tu. Bakteria anamezwa, anapita kwenye asidi ya tumbo ambayo inaua wengi, anafika utumbo mdogo anakimbizwa na mwendo wa chakula, na kile kimeng'enya chake kinahitaji muda. Akifika utumbo mpana ambapo angetulia afanye kazi kwa raha, mzigo mwingi umeshaingia kwenye damu. Halafu kuna hesabu ya kawaida tu: gramu ngapi zimeliwa, na mabilioni mangapi ya bakteria yanahitajika kuzivunja kwa muda ule. Dozi yenyewe inabidi imezwe mara tatu kila siku, na chakula. Kumtengeneza mdudu wameweza, na kumfanya asidhuru kwa kiasi kikubwa wameweza. Kumweka mahali sawa, kwa wingi sawa, kwa muda sawa, hapo ndo kazi yote ilipolala.

Haya, tuambie ya sukari sasa

Ya sukari ipo, lakini karibu yote bado ni ya panya.

Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Cornell walichukua Lactobacillus, jamaa wa bakteria wa mtindi, wakamchomekea jeni ya homoni iitwayo GLP-1. Homoni hii ndo babu wa zile sindano za kupunguza mwili ambazo watu wa Nairobi wamezichangamkia. Wakawalisha panya wenye kisukari kwa siku 90, sukari yao ikashuka mpaka asilimia 30, na seli za utumbo wao zikaanza kutoa insulini kama za kongosho. Ni utafiti mzuri sana, sibishi. Ule ndo nadhani klipu imeuchukua ikaukata kichwa na miguu.

Wa chuo cha Vanderbilt, 2014, walimtumia Nissle kutengeneza kitu kinachoambia mwili umeshiba, panya waliolishwa mafuta mengi hawakunenepa kama wenzao. Na 2022 San Diego wakafanya ujanja mwingine: badala ya kuleta bakteria mgeni, wakamtoa E. coli wa panya mwenyewe, wakambadilisha jeni agusie mambo ya nyongo, wakamrudisha kwake. Akakaa maisha yote ya panya, na mwili ukaanza kuisikia insulini vizuri zaidi. Huo mimi ndo naupenda.

Kwa sukari ya aina ya kwanza, ile ya watoto na vijana, yupo Lactococcus aliyebadilishwa jeni atoe proinsulini, yaani insulini kabla haijakamilika, utumboni, nia ni kufundisha kinga ya mwili iache kuishambulia kongosho. Huyo kajaribiwa kwa binadamu wachache, alivumilika. Ni mwanzo tu.

Lakini jamani, panya wa maabara analala mahali pamoja, anakula chakula kimoja kutoka mfuko mmoja kila siku, na ndugu zake wote wamefanana naye. Sisi leo mkate wa mofa na maharage, kesho biriani ya harusi, keshokutwa muhogo wa nazi, Ijumaa halwa na kahawa, na kila mtu tumbo lake. Dawa ngapi zimetibu panya zikashindwa kwa watu, hata sihesabu.

Nikimmeza atakaa milele?

Inategemea nani. Nissle hakai. Kwenye majaribio ya PKU ukiacha kumeza, siku chache tu wote wameshatoka na choo. Waswahili husema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, huyu jembe anashika siku ya kwanza na kabla ya wiki kuisha keshaaga. Kwa usalama hilo ni zuri, kwa kazi ni taabu.

Kuna waliotaka akae lakini kwa masharti, na hii nataka niieleze vizuri sababu ina mwani ndani yake. Kampuni ya Novome, Marekani pia, walimchukua bakteria wa kawaida wa utumbo mpana, wakamchomekea jeni za kula sukari fulani iliyomo kwenye mwani mwekundu wa Kijapani, ule wa kufungia sushi. Tumboni mwa watu wengi hakuna anayeila hiyo sukari. Kwa hivyo ukimeza bakteria na ukala na ule unga wa mwani, yeye ana sahani yake peke yake, wengine hawawezi kuigusa, anazaana. Ukiacha unga, njaa inampunguza. Pia wakampa jeni za kuvunja oksaleti, kemikali iliyojaa kwenye mchicha na inayoleta mawe ya figo kwa watu ambao matumbo yao yanainyonya kupita kiasi.

(Wa Kibuyuni kule Kwale wasinipigie simu, mwani wenu ni wa karagini, siyo huo.)

Matokeo kwa binadamu yalichapishwa 2025. Alikaa kweli, kwa wingi, kwa kulishwa mwani. Lakini kwa baadhi ya watu bakteria walibadilika, wakabadilishana vipande vya jeni na wenyeji wa tumbo, na kazi yao ya kuvunja oksaleti ikapungua. Mwenyewe nilisoma nikacheka peke yangu, manake ujanja huu wa mwani Mwenyezi Mungu aliruhusu ufanyike bila maabara zamani: 2010 wanasayansi walionyesha kwamba bakteria wa tumboni mwa Wajapani wana jeni ya kula mwani waliyoipata kwa bakteria wa baharini, kwa kula ule mwani mbichi vizazi na vizazi. Tumbo ni soko. Jeni zinauzwa na kununuliwa mle.

Si ndo hatari yenyewe hiyo? Jeni ikahamia kwa bakteria mbaya?

Ndiyo, ni hatari ya kufikiriwa na wanaifikiria. Njia zao ni kadhaa. Jeni wanaiweka ndani ya kitabu kikuu cha bakteria, hawaiweki kwenye vile vipande vidogo vya mviringo ambavyo bakteria hupeana kwa urahisi. Hawamwachii jeni ya kushindana na antibayotiki, na wanahakikisha kuna antibayotiki ya kawaida inayomuua, ili ikitokea shida daktari awe na cha kumpigia. Na wanamfanya kilema: yule wa PKU aling'olewa jeni ya kutengeneza tofali moja la ukuta wake wa mwili, kiwandani anapewa lile tofali, tumboni halipo la kumtosha, kwa hivyo kazi anafanya lakini kuzaana hawezi. Yule wa Lactococcus vilevile, jeni anayoihitaji kuishi imetolewa na mahali pake ikawekwa jeni ya dawa. Akitoka nje kwenye mtaro akaelekea baharini, hafiki mbali.

Linalonisumbua mimi ni jingine. Nissle mwenyewe, kwa asili yake, kabla hata hajabadilishwa, ana jeni za kutengeneza kitu kiitwacho kolibaktini ambacho kinaweza kujeruhi DNA ya seli. Miaka 100 watu wamemtumia, ni kweli, lakini kumpa mtoto wa PKU kila siku maisha yake yote si sawa na kumpa mtu wiki mbili za kuhara. Kuna wanasayansi wanaotaka zile jeni zing'olewe kwanza, na mie niko upande wao.

Na mtu mwenye kinga dhaifu, ama mtoto mchanga, ama utumbo uliotoboka, huyo kumpa bakteria hai wa aina yoyote ni kitu cha kufikiria mara mbili.

Ni halali?

Nilimuuliza shekhe mmoja wa hapa na sitasema jina lake manake mtamjazia simu. Aliniuliza yeye kwanza: anayemezwa ni yule aliyetoka chooni ama ni wa kukuzwa? Nikamwambia ni wa kukuzwa, kwenye matanki safi, kizazi cha maelfu. Akasema hilo ni la kuangaliwa, na sisi wa Shafi ni wagumu kwenye kitu kilichokuwa najisi kugeuka kuwa safi, lakini mlango wa dharura na matibabu upo na masharti yake. Akaniambia pia niulize ganda la kapsuli ni la mnyama gani. Hilo la pili watu hawaliulizi hata kwa dawa wanazomeza leo.

Inamezwa mara tatu na chakula, Ramadhani itakuwaje?

Mtu wa Langoni tu ndo atauliza hili kabla dawa haijapatikana duniani. Futari, daku, na ya tatu utaniambia wewe. Kwa dawa zako za sasa lakini si mzaha, muone daktari kabla Shaabani haijaisha akupangie upya, hasa wa insulini.

Maziwa lala na mtindi si ndo vilevile?

Hapana. Ni chakula kizuri, kina bakteria wazuri, lakini hawana jeni ya kuvunja sukari yako wala ya kutoa insulini. Kunywa tu, na usitie vijiko vinne vya sukari juu.

Kuna mtu ananiuzia kapsuli zake hapa, ninunue?

Usinunue. Hakuna bakteria aliyebadilishwa jeni kutibu sukari anayeuzwa duka lolote, si Lamu, si Malindi, si Mombasa, si Marekani. Ingekuwepo ingepita Bodi ya Famasi na Sumu, ingekuwa na namba ya usajili, na mie ningekuwa wa kwanza kuipanga pale nyuma yangu. Hata ingekuwa ya majaribio, majaribio yana kamati za maadili na fomu za ridhaa, waulizeni jamaa walioshiriki tafiti za KEMRI Kilifi, unaelezwa mpaka unachoka, na hulipishwi kujaribiwa dawa. Ukiona unatakiwa kulipa kwa M-Pesa uwe "kwenye utafiti", hiyo ni biashara.

Nitasema la nyumbani. Mama yangu mdogo alinunua chupa moja, shilingi 3,500, maandishi ya dhahabu na picha ya utumbo unacheka. Aliyemuuzia alimwambia asichanganye na dawa za hospitali, "zitaua bakteria". Mie nauza dawa hatua mia kutoka kwake, na hakuniambia, akaona haya. Akaacha metformini, akaacha na insulini. Wiki ya kwanza alijisikia mwepesi. Wiki ya pili kiu, anaamka usiku mara tano. Wiki ya tatu alianza kutapika, mwanawe akaja kunigongea alfajiri. Nikachukua glukometa, nikamdunga kidole, ile mashine ikahesabu, badala ya namba ikaandika herufi mbili tu, HI, yaani sukari imepita hata inapoweza kusoma. Tukambeba kwa kiti kwenye vichochoro mpaka hospitali, akawekwa maji na insulini, Alhamdulillahi akarudi.

Baadaye nikafungua ile kapsuli kwenye kisahani. Unga wa kahawia, unanukia mdalasini. Bakteria hai ni kitu cha kulindwa, anakaushwa kwa ubaridi anawekwa baridini, na hapa stima inavyokatika hata insulini yenyewe tunaigombea na friji. Ile chupa ilikuwa imekaa juani dirishani mwezi mzima na bado wanasema ndani kuna viumbe hai.

Niangalie nini ili nijue imekaribia kweli?

Ukisikia habari, uliza vitu vitatu tu: ni panya ama watu, watu wangapi, na ni hatua ya ngapi ya majaribio. Hatua ya kwanza ni usalama, ya pili ni kuona kama kuna dalili ya kufaa, ya tatu ndo ile kubwa iliyomwangusha yule wa PKU. Wakikwambia "wanasayansi wamegundua" bila hayo matatu, funga, okoa bando.

Na mama yako mdogo yu hali gani siku hizi?

Mzima. Juzi nimempima kabla ya chai, 7.4, akafurahi akaniuliza basi jioni anaweza kula kaimati ngapi. Nikamwambia moja. Akasema tatu. Tukaishia mbili, na ya pili aliimega nusu akampa mjukuu, kwa macho yangu.